Xala: kitabu kilipita, filamu ikakatwa

Dakika za mwanzo za filamu ya Xala hazimo katika riwaya ya jina hilo hilo. Wafanyabiashara wa Dakar wanapanda ngazi za Chemba ya Biashara huku ngoma zikirindima. Wanawatoa Wafaransa, na sanamu ya Marianne, nembo ya Jamhuri ya Ufaransa, inabebwa na kuwekwa nje. Umati unashangilia. Punde si punde Wazungu wanarudi na mikoba. Ndani, waheshimiwa wapya wanaifungua mmoja baada ya mwingine: imejaa noti. Kisha rais wa Chemba anahutubia, na wote wanampigia makofi.

Ousmane Sembène alichapisha riwaya hiyo kwa Kifaransa mwaka 1973, na mwenyewe akaigeuza kuwa filamu aliyoiongoza, iliyotoka 1975. Mzaliwa huyu wa Ziguinchor, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, alikwisha kujipatia jina kwa vitabu. Lakini makuli na wachuuzi aliowaandikia wengi hawakujua kusoma Kifaransa. Ndiyo maana alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, akikaribia umri wa miaka 40, kujifunza kazi ya filamu. Sinema aliiita shule ya usiku.

Kisa chenyewe ni kikali. El Hadji Abdou Kader Bèye, Mbenzi wa Dakar, anaoa mke wa tatu, msichana anayelingana na bintiye. Usiku wa harusi jogoo hapandi mtungi: ndiyo xala, kwa Kiwolof. Anahaha kwa waganga huku biashara ikimporomokea. Mmoja anamponya, analipwa kwa hundi, na hundi inarudishwa na benki kwa kukosa fedha. Mganga anamrudishia ugonjwa wake.

Mabadiliko makubwa ya Sembène, kwa maoni yangu, yako kwa Rama, binti wa mke mkubwa. Kitabuni ana mchumba, daktari. Kwenye filamu mchumba ameondolewa, Rama anasimama peke yake. Anaingia ofisini kwa baba yake, anakataa maji ya chupa ya Evian, na baba akisema Kifaransa yeye anajibu Kiwolof. Nyuma yake ukutani ipo ramani ya Afrika isiyo na mipaka, na rangi zake zinafanana na za gauni lake. Kitabuni mwandishi hulazimika kukuambia kwamba binti anasema Kiwolof, maana maneno yote yako kwa Kifaransa. Ukumbini, mama muuza samaki alimsikia Rama kwa masikio yake na kumwelewa kabla ya baba mtu kukasirika.

Hali ni hiyo hiyo kwa ombaomba. Riwaya inawaeleza, kamera inawafuata wakijikokota kurudi mjini baada ya polisi kuwasomba na kuwatupa mbali, na inakaa nao kwa muda mrefu kiasi cha kumchosha anayetaka kuwasahau. Mmoja wao, kipofu, aliporwa ardhi ya ukoo na El Hadji huyo huyo. Mwishoni wanaingia nyumbani kwa tajiri na kumtaka avue nguo, na wao wanamtemea mate mwili mzima. Hapo ndipo nguvu zake zitakaporudi, wanamwambia.

Riwaya iliuzwa bila kuguswa. Filamu, ambayo shirika la sinema la serikali lilikuwa limesaidia kuigharimia, ilipofika kwa wakaguzi wa serikali ya Rais Senghor ilikatwa sehemu kadhaa kabla ya kuonyeshwa Senegal. Rais yule alikuwa mshairi, na vitabu alivijua vizuri: kitabu cha Kifaransa kingewafikia wachache, wengi wao wakiwa ndio wanaokejeliwa. Filamu ingemfikia dereva wa Mercedes na mfagizi wa Chemba.

Sembène hakunyamaza. Alichapisha vipeperushi vilivyoeleza vipande vilivyoondolewa, akavigawa kwa watazamaji, ili kila aliyekata tiketi ajue amenyimwa nini na nani.