Soba Hausi au Nyumbani? Njia za Kumuuguza Mraibu wa Unga

Hazipiti wiki nyingi bila ya jamaa kunipigia simu, akiwa Maskati au Dubai, kuniuliza swali hilo hilo: "Mzee, kijana wetu Unguja kaingia kwenye unga. Tumtie soba, au tumuuguze nyumbani?" Mimi si daktari. Ni karani mstaafu. Nilisoma skuli ya misheni, nikafanya kazi ya madaftari mpaka nikazeeka, na tabia ya kuandika kila kitu haijanitoka. Mpwa wangu alipougua nilifungua daftari lake. Ninayoyaandika hapa yametoka humo, pamoja na niliyofunzwa na madaktari na watu waliopona.

Arosto, na kosa letu la kwanza

Unga tunaousema ni heroini. Anayeutumia kila siku mwili wake huuzoea, na akiukosa huingia arosto: makamasi na machozi humtoka, mifupa humuuma, hutapika, huharisha, halali. Hali hiyo huanza baina ya saa 6 na 12 tangu alipotumia mara ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hadi siku kumi.

Sisi tuliposikia siku kumi, tulidhani ndiyo tiba yenyewe. Dada yangu alimfungia mwanawe chumba cha uani, mimi nikatuma pesa za chakula na dawa. Siku ya kumi alitoka, akaoga, akala na wenziwe, tukamshukuru Mungu. Siku ya kumi na mbili alikwenda kunyoa na rafiki yake. Walikutwa wamelala nyuma ya banda. Mpwa wangu aliwahiwa hospitali. Rafiki yake hakuamka.

Daktari alitueleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Mwili uliokaa bila unga, hata siku chache tu, hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Kijana akirudia alichozoea, pumzi hukatika. Kwa hiyo siku za hatari kubwa kabisa ni zile baada ya kuacha: akitoka kufungiwa, akitoka jela, akitoka soba. Kuondoa unga mwilini ni mlango tu, na kupona ni miezi na miaka inayofuata. Njia yoyote utakayoichagua, ipime kwa swali moja: siku ya kumi na moja nani atakuwa naye?

Soba hausi ni nini

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, walevi wawili walioacha pombe walianza kukutana na kusaidiana. Ndio mwanzo wa Alcoholics Anonymous na hatua zake kumi na mbili. Mwaka 1953, California, ukazaliwa mfano wake kwa watu wa dawa za kulevya, Narcotics Anonymous. Mwaka 1975, Silver Spring, Maryland, ilifunguliwa Oxford House: nyumba ya kupanga ambamo waliokwisha kuacha huishi pamoja, hufanya kazi zao, huchanga kodi na kujiongoza wenyewe kwa kura. Anayerudia kutumia hutoka.

Unguja ilipata soba hausi ya kwanza mwaka 2009, na serikali huziita nyumba za upataji nafuu. Yetu ina tafauti moja kubwa na ile ya Marekani: kijana huingia akiwa bado na arosto, halafu hubaki humo humo kujifunza kuishi bila unga. Nilizozijua mimi huweka miezi minne. Kutwa ina ratiba: sala, usafi, kupika kwa zamu, mikutano, na kila mmoja kusema mbele ya wenziwe yaliyomo moyoni. Wasimamizi wengi ni waliotumia zamani, kwa hiyo hawadanganyiki kwa urahisi.

Faida yake ni kumtoa kijana maskani na kumpa wenzake wapya. Upungufu wake ni kwamba nyumba nyingi ni za wanaume, ada hulipwa na familia, na miezi ikisha kijana hurudi mtaa ule ule.

Methadoni: kutibiwa huku analala kwao

Watu wengi wa Ghuba hawaijui njia hii. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Huzuia arosto kwa siku nzima, na ikipimwa vizuri haimleweshi mtu. Anaweza kufanya kazi na kulea. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar katika hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Wako wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Nami nilisema hivyo. Lakini anayeinywa hajidungi sindano, haibi, wala hatafuti kete alfajiri, na hatari ya kufa hupungua sana madhali yumo kwenye tiba. Kwa mwanamke mjamzito anayetumia unga ndiyo njia inayopendekezwa, maana kukatishwa ghafla kunaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Kuuguza nyumbani

Nyumbani panafaa ikiwa pana utaratibu na pana mtu mzima mwenye wakati. Kwanza mpelekeni kwa daktari. Arosto ya unga huumiza, lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya akipata maji ya kutosha. Pombe ni jambo jingine: mlevi wa siku nyingi akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa na kuweweseka hadi kufa, na vidonge vya usingizi kama valiamu ni hivyo hivyo. Hao msiwafungie chumbani kabisa. Waachishwe hospitali, polepole.

Baada ya arosto, haya ndiyo yaliyotufaa:

1. Pesa hazikupita mkononi mwake. Nilimlipa mwenye duka na fundi moja kwa moja.
2. Kila siku alikwenda mkutanoni. Desturi yao ni mikutano 90 katika siku 90, na dada yangu alimngojea mlangoni.
3. Alipata kazi ndogo ya asubuhi, hata kabla ya mshahara. Saa zisizo na kazi ndizo zilizomrejesha maskani.
4. Tuliacha kumwita teja, hata kwa mzaha.
5. Dada yangu naye alipata wa kuzungumza naye. Mama aliyechoka hawezi kuuguza.
6. Tulikubaliana mapema afanye nini akiteleza. Aliteleza mara mbili. Mara ya pili alinipigia mwenyewe: "Mjomba, nimeanguka, nipeleke kabla sijalala huko." Simu ile ilinionesha kuwa amekwisha kuanza kupona.

Kabla ya kutuma ada

Nyumba ya kwanza tuliyompeleka, nisiyoitaja jina, tuliilipa miezi miwili bila kuuliza neno. Dada alipokwenda kumtazama alimkuta ana alama ya mnyororo mguuni. Tangu hapo nauliza: Imesajiliwa wapi? Daktari huja lini? Mama anaweza kumwona na kuzungumza naye peke yake? Wanafunga au wanapiga? Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI au kifua kikuu huendelea nazo? Wana mpango gani baada ya kutoka? Risiti iko wapi? Anayekasirika kwa maswali haya, usimpe mtoto wako.

Kwenu mlio Ghuba

Msimlete kijana huku kwa viza ya matembezi mkidhani mabadiliko ya hewa yatamponya. Methadoni, tramado na dawa za jamii hiyo hudhibitiwa vikali katika nchi hizi, na kuzipitisha uwanja wa ndege bila kibali kunaweza kumfikisha jela.

Na kama mgonjwa yuko huku huku, tiba ipo. Oman ina hospitali ya Al Masarra, Abu Dhabi ina kituo cha taifa cha urekebishaji kilichoanzishwa mwaka 2002. Sheria ya Imarati ya mwaka 2021 inampa nafasi anayejitokeza kutibiwa, au anayepelekwa na jamaa zake, kabla hajakamatwa. Ulizeni mwanasheria wa nchi mliyopo, na msingoje polisi wabishe hodi. Kuficha kwa ajili ya aibu kumewazika vijana wengi.

Akizimia

Midomo ikigeuka buluu, pumzi ikawa ya kukoroma au ikasita, ita gari la wagonjwa mara moja. Mpulizie pumzi mdomoni ikiwa hapumui. Ikiwa anapumua mlaze ubavu. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa, usimwache peke yake. Hospitali wana naloksoni, dawa inayorudisha pumzi. Waambieni kweli alichotumia.

Basi, soba au nyumbani? Mpwa wangu alihitaji vyote viwili, na wengine niliowaona wamesimama kwa methadoni. Leo ana duka la kutengeneza simu, na kila Ijumaa hupita kwa mama wa rafiki yake kumnunulia samaki. Daftari lake bado sijalifunga.