Povu la Mtungi na Povu la Tangi

Nani katika Lubumbashi asiyejua munkoyo? Mama hupika uji wa mahindi, huuacha upoe, kisha hutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile huvunja wanga wa uji na kuugeuza kuwa sukari. Basi uji mzito huwa kinywaji chepesi na kitamu. Kikikaa siku moja au mbili huanza kuchacha, na povu hupanda. Kwa hiyo mama mwenye akili hajazi mtungi hadi mdomo. Huacha nafasi, tena hupita mara kwa mara kutazama. Hana mashini wala saa; macho yake ndiyo kipimo chake.

Leo twataka kusimulia habari za povu hilo. Jambo linaloonekana dogo katika mtungi liliwasumbua sana wataalamu walipotengeneza mitungi mikubwa kama nyumba, na namna walivyolitawala yafaa ijulikane.

Kwanza tuulize: povu ni nini? Ni hewa iliyofungwa ndani ya ngozi nyembamba sana ya maji. Maji matupu ukiyatikisa hutoa mapovu, lakini hupasuka mara moja. Kumbe yakiwamo maji ya nafaka, yenye protini, ngozi ile hupata nguvu na mapovu hudumu. Na hewa yatoka wapi? Louis Pasteur wa Ufaransa, katika uchunguzi alioanza kuutangaza mwaka 1857, alionyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo mno. Hamira hula sukari, hutoa kileo na hewa ya ukaa. Mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa hapa. Watu wakaja kwa maelfu kufanya kazi. Katika miaka ya 1920 kikajengwa kiwanda cha bia, ambacho bia yake ya Simba yajulikana na wote. Huko, badala ya mtungi, kuna matangi. Lakini sheria ya mama wa munkoyo haikubadilika. Mafundi wa bia huacha karibu robo ya tangi bila kitu, ili povu lipate mahali pa kupanda. Kwa bia hilo latosha, maana hamira hufanya kazi polepole, wala haipulizwi hewa.

Shida kubwa ilikuja na dawa. Mwaka 1928, Alexander Fleming aliona London kwamba ukungu fulani waua vijidudu vya magonjwa. Dawa yake, penisilini, ilijaribiwa Oxford mwezi wa Februari 1941 kwa polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa akifa kwa vidonda vilivyooza. Siku chache akaanza kupona. Kisha dawa ikaisha. Walikuwa wakiotesha ukungu juu ya maji katika vyombo vidogo, hata katika vyombo vya kuendea haja vya wagonjwa, na mavuno yalikuwa haba mno. Polisi yule akafa. Dawa ya kweli ilikuwapo, ila haikutosha mtu mmoja!

Mwaka ule ule Howard Florey na Norman Heatley walivuka bahari, wakaenda Peoria, Marekani, katika nchi ya mahindi. Huko iligunduliwa kwamba maji yaliyoloweka mahindi viwandani huulisha ukungu vizuri ajabu. Tena wakajifunza kuuotesha ndani ya maji yenyewe, katika matangi ya kina, badala ya juu yake tu. Tarehe 1 Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilifungua katika Brooklyn kiwanda chenye matangi 14, kila moja la lita 28,000 hivi.

Lakini fikirini: ukungu huu wataka kuvuta pumzi. Kwa hiyo lazima kuupulizia hewa safi mchana na usiku, na kulikoroga tangi bila kupumzika. Hewa nyingi, protini nyingi, kukoroga kwingi: ni nini kitakachotoka kama si povu? Nalo si uchafu wa sakafu tu. Likipanda hadi bomba la kutolea hewa, hulowesha kichujio. Na kichujio kikilowa, vijidudu vya nje hupata njia ya kuingia. Tangi zima laweza kuharibika, na wagonjwa wakakosa dawa.

Dawa ya povu ilikuwa mafuta. Tone la mafuta huingia katika ngozi ya povu, hulidhoofisha, likapasuka. Katika matangi ya penisilini walitia mafuta ya nguruwe. Siku hizi hutumika pia mafuta ya mimea na ya silikoni. Basi si kazi kwisha? La! Mafuta yakizidi, vipovu vidogo vya hewa ndani ya maji huungana kuwa vikubwa, hupanda upesi na kutoka, na viumbe vile hukosa pumzi. Tena mafuta huziba vichujio wakati wa kusafisha dawa. Anayemimina ovyo kwa kuogopa povu huwanyonga wale anaowafuga.

Hapo ndipo ilipohitajika fimbo ya kuhisi. Ni fimbo ya chuma iliyoshushwa kutoka kifuniko cha tangi, imevikwa kitu kisichopitisha umeme, ila ncha yake i wazi. Povu lisipofika, umeme haupiti. Povu likigusa ncha, umeme hupita katika maji ya povu hadi ukuta wa tangi. Hapo pampu huamka na kutia mafuta kidogo, kisha hungoja. Povu likishuka, pampu hulala. Ni macho ya mama yule yule, ila hayasinzii.

Hata hivyo fimbo nayo hudanganyika. Uchafu ukikauka juu yake, husema povu lipo na kumbe halipo, na pampu humimina bure. Kwa hiyo mafundi wenye busara huweka muda wa kungoja kati ya tone na tone, hupima pia mafuta yaliyokwisha tumika, na huchungulia wenyewe katika dirisha la tangi.

Sasa tazameni ajabu ya Katanga yetu. Katika madini povu si adui, latafutwa! Mawe husagwa, hutiwa majini pamoja na dawa, hewa hupulizwa, na chembe za madini hupanda zikishikamana na povu, mawe matupu yakibaki chini. Kule Kolwezi, kwa mawe ya kijani ya malakaiti, walitumia mafuta ya mawese yaliyovunjwa kwa dawa. Kipushi, karibu na mji wetu, mgodi uliofungwa mwaka 1993 ulirudia kazi mwaka 2024, na zinki yake hupandishwa kwa povu vile vile. Mafuta yavunjayo povu katika tangi la dawa, yakitayarishwa namna nyingine, hubebesha povu shaba.

Basi povu si baya wala si jema lenyewe. Swali ni hili: nani analiangalia, na ana kipimo gani? Vijana wetu wanaosoma ufundi hapa Lubumbashi watakutana na fimbo hizi viwandani. Wasizidharau, wala wasizitegemee peke yake, maana umeme wa mji wetu wakatika, na fimbo isiyo na umeme ni kipofu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo atafaa kijana aliyewahi kukaa karibu na mtungi wa mama yake, akajifunza kutazama kabla povu halijafika mdomoni.