Muda wa Mwanga

Mdogo wangu anaishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini mwa Marekani, na anafuga kuku sita nyuma ya nyumba. Novemba alinipigia simu: "Dada, kuku wanakula, hawaumwi, ila kiota kitupu. Nimewawekea taa ya joto, wapi!" Alidhani ni baridi. Muuza chakula cha kuku akamtajia neno lililomwacha njia panda: fotopiriodi.

Fotopiriodi ni urefu wa mwanga anaoupata kiumbe katika saa 24. Kuku haupokei kwa macho tu. Mwanga hupenya fuvu ukafika kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha homoni za uzazi. Siku zikifupika, mayai hupungua au hukatika kabisa, na kuku wengi hunyonyoka manyoya. Ili atage vizuri anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16.

Kiswahili hakikuwa na neno hili kwa kuwa hakikulihitaji. Saa zetu tunazihesabu kuanzia macheo: jua huchomoza kwenye saa 12 na kuzama kwenye saa 12, mwaka mzima, tofauti ni ndogo. Huko Portland, mwishoni mwa Desemba, linachomoza saa 1 na dakika 10 asubuhi na kuzama saa 10 na dakika chache jioni. Hata saa 9 hazitimii.

Tuliiteje basi? "Urefu wa mchana" ni maneno mazuri, lakini mchana ni wa jua. Balbu ya bandani haileti mchana. Wafugaji wa kuku wa mayai husema "masaa 16 ya mwanga", na walimu wa sarufi huwakemea kwa hilo "masaa". Mimi nawaelewa wafugaji: ukisema "saa 9 za mwanga", msikilizaji anaweza kudhani unasema alasiri. Ninachagua "muda wa mwanga". Muda hupungua, huongezwa, na hauulizi kama mwanga umetoka kwa jua au kwa balbu.

Neno likieleweka, kazi nayo inaeleweka. Mdogo wangu aliiondoa ile taa ya joto, maana taa hizo huunguza mabanda. Kuku mkavu, aliyeshiba, mwenye maji yasiyoganda, huihimili baridi. Undu wake huumizwa zaidi na unyevu wa banda lisilopitisha hewa. Kisha akafunga balbu ndogo inayojiwasha yenyewe, akausogeza nyuma muda wake wa kuwaka kidogo kidogo hadi saa 8 usiku, ili kufikia machweo zitimie saa 14. Hakuongeza jioni, kwa sababu taa ikizimika ghafla kuku hubaki gizani sakafuni kabla hawajapanda kwenye fito zao.

Wiki kadhaa baadaye alinitumia picha: mayai mawili ya kahawia, yamegandwa na maranda.

Ninyi mnaoandika vijitabu vya ufugaji, liwekeni neno hili. Wafugaji wanaozungumza Kiswahili sasa wako hata kwenye theluji.