Barakoa, karantini na kafyu: Maneno ya Korona yalikuja na historia yake

Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alilitangazia taifa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Kabla mwezi huo haujaisha kafyu ilikuwa imeanza, na kufikia katikati ya Aprili kutembea hadharani bila barakoa lilikuwa kosa la kutozwa faini isiyozidi Sh20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa muda wa wiki tano hivi, mama mboga, makanga wa matatu, mhadhiri na mwanafunzi wote walilazimika kujifunza msamiati mpya, tena kwa haraka.

Mengi yameandikwa kuhusu janga hilo kwa jicho la daktari, mwanauchumi na mwanasiasa. Hapa nataka tulitazame kwa jicho la lugha na historia. Hoja yangu ni hii: maneno tuliyoyatumia kutoa tahadhari hayakuwa matupu. Kila moja lilikuja na mzigo wake, na mzigo huo ulichangia jinsi wananchi walivyoipokea tahadhari yenyewe. Penye neno lenye mizizi katika maisha ya watu, ujumbe ulishika upesi. Penye neno lililonuka rungu na risasi, watu walitii kwa hofu ama wakatafuta upenyo wa kutoroka.

Kwanza, Korona haikuwa gonjwa la kwanza kuvuka mipaka yetu, wala Kiswahili hakikuwa bubu kabla yake. Tuna 'tauni' kutoka Kiarabu. Tuna 'ndui'. Tuna 'kipindupindu', neno ambalo ukilisikiliza vizuri utasikia ndani yake kitenzi 'pinda', picha ya mwili unaopindwapindwa na maumivu. Kipindupindu kiliua watu wengi Unguja mwaka wa 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alichapisha kitabu kizima kuhusu milipuko ya ugonjwa huo Afrika Mashariki mnamo 1876. Bara nako, Wakikuyu waliotahiriwa wakati wa ndui ya miaka ya 1890 waliitwa rika la Mutung'u, yaani rika la ndui. Ugonjwa uligeuzwa kalenda. Mtu akitaja rika lake, alikuwa anataja pia msiba uliowapata wazazi wake.

Tauni ndiyo iliyotufundisha mapema kwamba afya ya umma inaweza kugeuka siasa. Ilipozuka Nairobi mwaka wa 1902, wakuu wa serikali ya kikoloni waliliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Ikazuka tena baada ya mwongo mmoja, na Profesa W. J. Simpson akaletwa kuchunguza hali ya usafi. Ripoti yake ilipendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Tahadhari dhidi ya panya na viroboto ikawa kisingizio cha kuwatenga binadamu. Ramani ya Nairobi ina makovu ya pendekezo hilo hadi leo.

Mnamo Septemba 1918 mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia yaliingia kupitia bandari ya Mombasa, yakapanda reli kuelekea bara. Yaliwakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa na Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo viliwachukua maelfu ya vijana kuwa wapagazi wa Kariakoo. Dunia iliyaita mafua ya Kihispania, ingawa hayakuanzia Uhispania. Jina likishabandikwa, kulibandua ni kazi.

Sasa tuyatazame maneno ya mwaka 2020, moja baada ya jingine.

'Karantini' lilizaliwa kwenye bandari za Italia, ambako mabaharia walitakiwa kusubiri siku 40 kabla ya kushuka melini. 'Quaranta' kwa Kiitaliano ni arubaini. Lakini Wakenya wengi hawakulipata neno hili bandarini. Walilipata kwa ng'ombe. Katika enzi ya ukoloni, maeneo ya wafugaji, Umaasaini kwa mfano, yaliwekwa chini ya karantini ya mifugo kwa vipindi virefu, sababu ikitolewa kuwa ni sotoka au homa ya mapafu ya ng'ombe. Mfugaji hakuruhusiwa kupeleka mnyama sokoni, huku walowezi wakiuza wao bila mshindani. Kwa hiyo muulize mzee wa jamii ya wafugaji karantini ni nini. Huenda asikwambie kwamba ni kinga ya ugonjwa. Atakwambia ni amri ya kufungiwa mali yako.

Tazama basi neno hilo lilivyorudi mwaka 2020. Waliotoka ng'ambo walipelekwa kwenye hoteli na taasisi zilizoteuliwa, na mwanzoni walitakiwa kujilipia. Waliokamatwa nje saa za kafyu nao wakaambiwa watapelekwa karantini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama karantini ni mahali pa kumlinda mtu na jirani zake, mbona inatumiwa kama adhabu? Watu walionekana wakiruka ukuta kutoroka. Wengine waliogopa kupimwa, si kwa sababu hawakuamini ugonjwa upo, bali kwa sababu walijua wakipatikana nao kuna kufungwa, tena kwa bili. Serikali ilipotangaza Mei 2020 kwamba ingegharamia karantini katika vituo vya umma, neno lilikuwa limekwisha kuchafuka mitaani. Ilikuwa 'kushikwa', si kuhudumiwa.

'Kafyu' nayo asili yake ni Kifaransa cha kale, amri ya kufunika moto wakati wa usiku ili nyumba zisiungue. Kwetu haikuja na maana hiyo ya upole. Ilikuja na Hali ya Hatari ya mwaka 1952, ikarudi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ikarudi tena kaskazini mashariki baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Kila mara kafyu ilipotajwa, adui alikuwa mtu mwenye silaha na aliyemtafuta alikuwa mtu mwenye silaha. Hivyo ilipotangazwa kafyu dhidi ya virusi, askari walitoka na zana zilezile walizozizoea. Machi 27, siku ya kwanza, abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni walirushiwa vitoa machozi hata kabla ya saa moja jioni haijafika. Watu walisongamana, wakakohoa, wakajipangusa machozi kwa mikono: mambo yote matatu ambayo Wizara ya Afya ilikuwa ikiyakataza. Siku chache baadaye mtoto aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao jijini Nairobi.

Sisemi kwamba neno ndilo lililofyatua risasi. Nasema kwamba neno humweleza mtumiaji wake kazi iliyoko mbele yake. Ukimwambia askari 'simamia kafyu', anajua la kufanya, kwa maana amelifanya tangu enzi za mkoloni. Ukimwambia 'wasaidie watu wafike nyumbani mapema bila kusongamana', hapo itabidi afikirie upya. Amri ile iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

'Barakoa' ni hadithi tofauti, na kwangu ndiyo inayofurahisha zaidi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, 'burqu', na lilikuwa katika kamusi za Kiswahili muda mrefu kabla ya virusi hivi. Lilitaja kifuniko kigumu cha uso kilichovaliwa na wanawake wa tabaka la juu Unguja na miji ya pwani, hasa wenye asili ya Oman, ambako baadhi ya wanawake huvaa hadi leo. Lilikuwa vazi la stara na hadhi. Kisha likalala. Ilipofika 2020, magazeti na vituo vya redio vikaliamsha, likavishwa wanaume, watoto, madereva na maaskofu, na sijamsikia mwanamume hata mmoja akilalamika kwamba amevalishwa vazi la bibi harusi wa kifalme. Mitaani 'maski' haikushindwa, na wengi walizivaa kidevuni hadi waone polisi. Hata hivyo neno lenyewe lilipokewa bila vita. Lilikuwa letu, halikuwa na damu, na wazo la stara ndani yake, yaani kujifunika kwa kumheshimu mwenzako, lilikaribiana sana na ujumbe wa madaktari.

Neno lililofanya kazi vizuri kuliko yote halikuhitaji kubuniwa. Ni 'kunawa'. Kiswahili ni tajiri katika mambo ya maji: tunaoga mwili, tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunatawadha kwa ajili ya swala, tunanawa mikono na uso. Mgeni akifika kwako kula, unamnawisha kwa birika na beseni. Kwa hiyo 'nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka' ilieleweka na ajuza wa kijijini kama ilivyoeleweka na profesa. Shida haikuwa lugha bali maji. Katika mitaa ya mabanda, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, kunawa kila mara ni gharama inayoshindana na unga. Na pale maji yalipokosekana, tuliambiwa tutumie 'kitakasa mikono', neno zuri lakini lenye harufu ya msikiti na kanisa. Wananchi wakaamua: sanitaiza. Likaisha hilo.

Lililotukwaza ni 'umbali wa kijamii'. Hii ni tafsiri ya sisisi ya maneno ya Kiingereza, na kwa Kiswahili maana yake inapotoka. Inamwambia mtu ajitenge na jamii. Mbona ilhali jamii ndiyo iliyokuwa ikilisha waliopoteza kazi? Hata Shirika la Afya Duniani, kufikia Machi 20, 2020, lilikuwa limeanza kupendelea kusema umbali wa kimwili. 'Kutokaribiana' au 'kuachiana nafasi' yangetosha. Taifa ambalo tangu Machi 9, 2018 lilikuwa limeifanya 'handisheki' kuwa msamiati mzito wa kisiasa lilitakiwa kuacha kupeana mikono ghafla. Wapwani angalau walikuwa na akiba: shikamoo hutolewa na kuitikiwa hata mkiwa mmeachana hatua kumi.

Mahali umbali huo ulipouma zaidi ni kaburini. Waombolezaji walipunguzwa hadi jamaa 15. Aprili 2020, mazishi ya usiku katika Kaunti ya Siaya, yaliyofanywa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, yaliwakasirisha Wakenya wengi. Kiswahili kinatusaidia kuielewa hasira hiyo. Mtu huzikwa; shimo hufukiwa. Kuzika ni kuaga, kuomba, kusema jina la marehemu mbele ya waliomjua. Kufukia ni kurudisha udongo tu. Watu hawakukataa sayansi ya maambukizi. Walikataa ndugu yao kufukiwa. Laiti maafisa wangeiona tofauti ya vitenzi hivi viwili, pengine wangetafuta njia ya kuzika kwa usalama, mchana, mbele ya jamaa wachache wanaotazama kwa mbali.

Nikijumlisha, naona somo la kiutendaji. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini taarifa za kila siku kuhusu Korona zilitolewa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, kisha Kiswahili kikaachiwa mtangazaji atafsiri papo hapo, akiokota neno lolote lililokuwa karibu. Jirani zetu wa Tanzania angalau walipata UVIKO-19, ufupisho wa ugonjwa wa virusi vya Korona. Sisi tulikwenda hivyo hivyo.

Na tunaendelea hivyo hivyo. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa Mpox alithibitishwa nchini, katika Kaunti ya Taita Taveta. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limebadilisha jina la ugonjwa huo tangu Novemba 2022, kwa sababu jina la awali, lenye nyani ndani yake, liliwaletea wagonjwa unyanyapaa. Sisi bado tunasema na kuandika 'homa ya nyani'. Nani atakayejitokeza kupimwa ugonjwa wenye jina hilo?

Wizara ya Afya huweka akiba ya dawa na chanjo. Iweke pia akiba ya maneno. Waketi pamoja madaktari, wanaisimu, wanahabari, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa vijijini, wakati huu ambapo hakuna kafyu, wakubaliane tutakavyosema kujitenga, kupimwa, kuambukizwa na kuzikwa gonjwa lijalo litakapobisha hodi. Wakianza baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, watakuwa wamechelewa, na askari atakuwa ameshapewa neno lake la zamani.