Urithi na Uunganishaji: Mzozo Uliozaliwa Pamoja na Simula

Lugha za kompyuta, kama zilivyo lugha za wanadamu, hupanga vitu katika makundi. Na apangaye makundi hana budi kuamua uhusiano wa kundi moja na jingine. Katika lugha zinazojenga programu kwa vitu, kundi huitwa klasi, yaani kielelezo ambacho kwacho vitu vya aina moja hufanyizwa. Klasi mpya yaweza kuundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni urithi: klasi huchukua sifa na kazi zote za klasi iliyotangulia, kama mwana na mzazi. Ya pili ni uunganishaji: klasi hushika ndani yake kitu cha klasi nyingine, na kukituma kifanye kazi yake. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni fupi: lori "ni" gari, lakini lori "lina" injini.

Urithi ulianzia Oslo, nchini Norwe, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula ili kuigiza mwenendo wa mambo, kwa mfano magari yanayongoja kulipa ushuru darajani. Kila gari lilihitaji kujua lililo mbele yake na lililo nyuma yake. Mnamo Desemba 1966 walipata ufumbuzi: jina la klasi yenye viungo vya foleni liliandikwa mbele ya klasi ya gari, na gari likapata sifa hizo. Jina la klasi lililotangulizwa hivyo waliliita kwa neno la wanasarufi: kiambishi awali. Njia hiyo ikaingia katika Simula 67.

Jambo hili lastahili kuangaliwa vyema, kwa maana chanzo cha mzozo kimo humo. Kiambishi kilekile kilifaa kueleza kwamba lori na basi, yote mawili ni magari. Kikafaa pia kulipa gari nafasi katika foleni. Lakini kusimama katika foleni ni hali ya kitambo tu, nayo haibadili asili ya lori. Basi tangu kuzaliwa kwake urithi ulipewa kazi mbili: kueleza kitu ni nini, na kukipatia kitu uwezo ambao hakikuwa nao.

Maonyo hayakukosekana. Mwaka 1986 Alan Snyder alionyesha kwamba mrithi anayeona siri za ndani za mzazi huweza kuharibika mzazi abadilishwapo. Mwaka uliofuata Barbara Liskov alieleza kwamba mwana wa kweli ni yule awezaye kushika mahali pa mzazi bila programu kupotoka. Mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu walishauri waziwazi kwamba uunganishaji upendelewe kuliko urithi.

Hata hivyo Java ilipotolewa mwaka 1996, klasi yake ya rundo, Stack, ilirithi klasi ya orodha, Vector. Kanuni ya rundo ni kwamba kilichowekwa mwisho ndicho kitolewacho kwanza, kama sahani zilizopangwa jikoni. Lakini Stack ilirithi pia ruhusa ya kuchomeka kitu katikati. Lau rundo lingaliishika orodha ndani yake, lingaliweza kuificha ruhusa hiyo. Stack ingali imo katika Java, ijapokuwa maelezo yake yenyewe huwashauri watu watumie Deque.

Wengine walichukua njia ya mkato: lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haina urithi wa klasi kabisa. Lakini uunganishaji nao una gharama, kwa kuwa mara nyingi kila kazi huhitaji kukabidhiwa waziwazi kwa kile kilichoshikwa ndani.

Wanasarufi wa Kiswahili walifahamu tatizo kama hili zamani. Neno "kiongozi" lina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini husemwa "kiongozi amefika", wala si "kimefika": upatanisho hufuata asili ya anayetajwa. Mwenye kuunda klasi naye yampasa kuuliza kwanza juu ya asili, ndipo achague kiambishi.