Nani humkagua Waziri anapotunga kanuni za wanagenzi?

Mzazi anayempeleka mwanawe kwa fundi wa gereji au wa kuchomelea vyuma kwa kawaida hupatana na fundi mambo mawili: ada na muda. Nani atasimama kando ya kijana siku ya kwanza anaposhika mashine ya kukata vyuma, mara nyingi halizungumzwi. Hapa Kenya jambo hilo lina sheria yake, sheria ina kanuni zake, na kanuni zina mkaguzi wake, ambaye ni Bunge. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isiyojulikana sana, na ndiyo tunayoieleza hapa.

Uanagenzi unatambuliwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237. Kwa sheria hiyo, mwanagenzi ni mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri ili ajifunze kazi, na mwajiri naye amefungwa na mkataba huohuo kumfundisha. Mkataba unapaswa kusajiliwa. Tangu marekebisho ya 2011, msimamizi wa mambo haya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, walewale mnaowajua kwa mitihani ya gredi.

Karatasi hiyo ina uzito. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huohuo, inafanya vivyo hivyo. Kijana akikatwa kidole karakana, anaweza kudai fidia. Lakini kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hushtuka wakilisikia. Sheria ya Ajira inakataza mtoto wa kati ya miaka 13 na 16 kuajiriwa kuhudumia mashine kiwandani, isipokuwa yule aliye chini ya mkataba wa uanagenzi. Mlango umeachwa wazi kidogo, na aliyeingia humo analindwa na usimamizi.

Usimamizi huo unahitaji maelezo mengi. Nani anafaa kufundisha? Fundi mmoja achukue vijana wangapi kwa wakati mmoja? Rekodi ya kazi waliyojifunza iwekwe vipi? Sheria haiwezi kubeba yote hayo, kwa hiyo mengine huachiwa kanuni, na kanuni huandikwa na Waziri. Hata hivyo Katiba, Kifungu cha 94, inasema hakuna mtu wala chombo kingine nje ya Bunge chenye uwezo wa kuweka jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini ya Katiba au ya sheria. Kwa lugha ya nyumbani, Waziri amekopeshwa kalamu.

Jinsi anavyodaiwa hesabu ya kalamu hiyo imeelezwa katika Sheria namba 23 ya 2013. Kwanza, kabla ya kutunga, anatakiwa kushauriana na watakaoguswa. Kisha kanuni huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya hapo ana siku 7 za vikao kuhakikisha nakala imefika kwa Karani wa Bunge. Hizo ni siku ambazo Bunge linakaa, si za kalenda, hivyo wabunge wakiwa mapumzikoni hesabu inasimama. Kanuni isipowasilishwa katika muda huo inakufa, ingawa yaliyofanywa chini yake kabla ya hapo hayabatiliki.

Ikifika, kamati ya Bunge inayokagua kanuni huipitia. Inauliza kama Waziri amevuka mipaka ya sheria iliyomtuma, kama ameingiza tozo ambayo sheria haikuiruhusu, kama kanuni inarudi nyuma kuwabana watu kwa mambo ya zamani, kama inakanyaga haki za watu. Kamati ikishawasilisha ripoti, Bunge linaweza kupitisha azimio na kanuni ikafutwa. Kamati ina siku 28. Zikiisha bila ripoti, kanuni inahesabiwa kuwa imetimiza masharti yote. Sisi tunaona hapo ndipo penye udhaifu: kimya cha kamati ni sawa na ndiyo.

Chukulia kanuni inayosema msimamizi wa wanagenzi lazima awe na diploma. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliojifunza kutengeneza masanduku na wilbaro kwa kufua bati miaka nenda miaka rudi, ingemaanisha kwamba hawawezi tena kusajili mwanagenzi hata mmoja. Vijana wangeendelea kwenda kwao vilevile, bila mkataba, na jeraha likitokea hakuna cha kuonyesha. Kanuni iliyolegea sana nayo humwacha mtoto peke yake na mashine. Kuchagua kati ya hayo kunahitaji sauti ya fundi na ya mzazi, ambao kwa maoni yetu hawasikiki vya kutosha, maana matangazo ya kuomba maoni hutoka katika magazeti yasiyofika vijijini. Mwaka 2019, katika kesi ya kanuni za tumbaku, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishwaji wa umma lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi.

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa na husomeka bure kwenye simu. Ukiona kanuni inayokugusa, andika kwa Karani wa Bunge au peleka barua ofisi ya mbunge wako. Taja jina la kanuni, namba ya tangazo lake, kipengee kinachokusumbua na kitakachotokea karakana kwako kikitumika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, ila ifike kabla siku 28 za kamati hazijaisha.