Ugali Mweusi wa Mlimani

Ukitaka tugombane, niambie kwamba ugali wa asili wa Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ni wa mahindi. Wa asili ni wa wimbi; mahindi ni mgeni huku. Kukhu, yaani bibi, aliyenilea, Mbukusu mwenye majirani Wasabaot, aliyaita chakula cha shamba la mzungu, na sioni alipokosea.

Kuanzia 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliotoka vitani mashamba ya Trans Nzoia, ardhi ambayo Wasabaot walikuwa wakilishia ng'ombe. Reli ikafika Kitale 1926, na mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni. Vibarua waliokwenda kulima huko walipewa posho ya unga mweupe. Walizoea kuula kazini, wakarudi nao nyumbani. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya H611, iliyotokana na mahindi ya Kitale na mengine ya Ecuador. Baada ya hapo nani angebishana na gunia?

Wengi husema watu walichoka na weusi wa ugali wa wimbi. Mimi naona walichoka na kazi. Gugu la wimbi hufanana na wimbi lenyewe mpaka suke litokeze, kwa hiyo palizi ni ya mtu mwenye macho na mgongo. Kuvuna ni suke kwa suke, kwa kisu. Kisha uanike, upure, upepete, usage juu ya jiwe. Na ndege je? Watoto ndio waliokuwa wakiamia shambani, nao wakapelekwa shule. Hindi limejifunga shuka lake mwenyewe, halihitaji mlinzi kiasi hicho.

Ila kwa kukaa ghalani, wimbi halina mshindani. Linadumu miaka bila kuguswa na fukusi, ndiyo maana wazee waliliweka akiba ya njaa. Mahindi yasipotiwa dawa yanatobolewa kabla hujamaliza kuyala.

Busuma bwa bulo, yaani ugali wa wimbi, naupika hivi. Wimbi vikombe viwili kwa kimoja cha muhogo mkavu, visagwe pamoja. Muhogo ndio unaoushika ugali, bila huo unapasukapasuka. Chemsha maji vikombe vinne, korogea konzi mbili za unga uwe uji, uache utokote. Ndipo umwage unga uliobaki kidogo kidogo huku ukisonga, mpaka ugali ung'ae na kuachana na sufuria. Funika, punguza moto, harufu ya ubichi iishe.

Kitoweo chake, kwangu mimi, ni kamaleya: machipukizi ya mianzi ya msitu wa Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi. Yaloweke usiku kucha, yachemshe mpaka yalainike, maji yale uyamwage. Tia karanga zilizosagwa na maji kidogo, uache mchuzi uwe mzito. Kukhu alitia munyu, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Siku hizi watu hutia magadi. Yanalainisha, lakini ladha ile hayana. Kama huna kamaleya, mnavu uliolazwa kwenye maziwa unatosha kabisa.

Katika sahani hiyo hakuna gluteni, ile protini ya ngano, hata chembe. Wapo watu ambao ngano inawaumiza utumbo, wasioweza kula chapati, mandazi wala mkate, na wanadhani wamebakiwa na wali tu. Wimbi, mtama, muhogo na hata yale mahindi ninayoyasema vibaya ni vyao vyote. Huko madukani Bungoma na Kitale unga wa wimbi umefungwa vizuri kwenye pakiti na unauzwa ghali kuliko wa mahindi, kana kwamba ndio umegunduliwa juzi.

Ukisaga mwenyewe, muulize mwenye kisiagi amesaga nini kabla yako. Kama ni ngano, chukua debe lako uende kwingine. Kuipangusa mashine kwa kitambaa hakuiondoi ngano hiyo. Jiwe la nyumbani ambalo halijawahi kuguswa na ngano ndilo salama zaidi, japo mikono itakulaumu.